Nano ni kibaba, si mchele

Juzi nilikuwa Mwanakwerekwe natafuta bawaba za mlango. Muuzaji, kijana mpole tu, akanishikisha moja. "Chukua hii mzee, imetiwa nano." Nikamuuliza nano ndiyo nini. Akafikiri kidogo, akasema ni dawa inayochanganywa na chuma kisivunjike. Mteja aliyekuwa pembeni akamkosoa: hasha, ni tabaka nane za rangi, ndiyo maana ikaitwa nano. Nilicheka, lakini nilirudi nyumbani nimekereka. Nimeshalisikia mara nyingi mno neno hili likitajwa kama kitu cha kutia, mithili ya chumvi kwenye mchuzi.

Maana yake haichukui muda. Nanomita moja ni sehemu moja katika bilioni ya mita. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita kama 80,000. Metali yenye muundo wa nano ni ile ambayo punje zake za ndani, yaani vipande vidogo vidogo vilivyobanana kuiunda, hazizidi upana wa nanomita 100 hivi. Basi.

Neno lenyewe limetoka kwa Wagiriki. Kwao nanos ni kibeti. Mwaka 1960, mfumo wa kimataifa wa vipimo ulipowekwa rasmi, likaingizwa liwe kiambishi cha sehemu ya bilioni, kama vile mili ilivyo ya sehemu ya elfu. Mwaka 1974 Mjapani Norio Taniguchi akalitumia kuita utaalamu wa kutengeneza vitu kwa usahihi wa kiasi hicho, na hapo ndipo lilipoanza safari yake ya kuelekea kwenye makaratasi ya matangazo. Katika safari yote hiyo halikuwahi kumaanisha nguvu. Lilimaanisha udogo tu. Nguvu tumelipachika sisi. Nano ni kipimo, kama kibaba. Mtu akikwambia kanunua kibaba, lazima umuulize kibaba cha nini, maana hata mchanga hupimwa kwa kibaba.

Sasa, huyu kijana hakuota tu. Udogo huo kweli unaweza kuifanya metali iwe na nguvu, ila sababu si dawa. Kipande cha shaba ukikilainisha mpaka king'are, ukakipitishia tindikali kidogo na kukitazama kwa hadubini, utaona kimejaa punje zilizobanana kama mawe ya ukuta. Ndani ya kila punje atomi zimejipanga safu kwa safu, lakini safu za punje hii zinaelekea kwengine na za jirani yake kwengine. Metali inapokunjika atomi hazihami zote kwa pamoja. Kinachohama ni kasoro, yaani safu moja iliyokatika njiani, inayosogea hatua kwa hatua ndani ya punje. Jambo hilo walilieleza wanasayansi Taylor, Orowan na Polanyi mwaka 1934, kila mmoja kivyake.

Mfikirie hamali aliyebeba boriti ndefu kupitia vichochoro vya Mji Mkongwe. Kwenye njia iliyonyooka anakwenda mbio. Akifika konani anakwama, anarudi nyuma, anainua, anageuza. Mpaka wa punje ndio hiyo kona. Punje zikiwa ndogo kona zinakuwa nyingi, kasoro haiendi mbali, na metali haikunjiki mpaka uisukume kwa nguvu zaidi. E. O. Hall mwaka 1951 na N. J. Petch mwaka 1953 waliipata hesabu yake: ukipunguza upana wa punje mara 100, nguvu inayotokana na mipaka hiyo inapanda mara 10. Lakini haipandi milele. Punje zikishuka chini ya nanomita 10 au 20 hivi, zinaanza kuteleza zenyewe kwa zenyewe mipakani, na metali inalegea tena. Hapo kuzidi kuwa nano ni kuzidi kuwa dhaifu, na hilo sijaliona limeandikwa kwenye boksi lolote.

Kingine kinachonikera ni watu kuchanganya ugumu na kutovunjika. Kioo ni kigumu kuliko shaba, lakini dondosha vyote viwili sakafuni uone. Zile ncha za keekee za rangi ya dhahabu, za kweli si za kupakwa rangi, zimevikwa nitridi ya titani, yaani titani iliyoungana na nitrojeni, ngumu kuliko chuma kilicho chini yake. Unene wake ni mikrometa chache, yaani maelfu ya nanomita, kwa hiyo hata tabaka lenyewe si nano. Punje zilizo ndani yake ndizo zinazoweza kuwa nano. Ukilivisha tabaka kama hilo juu ya metali laini, metali inabonyea na tabaka linapasuka kama ganda la yai. Nyumba ya bibi yangu Mkunazini ilipatwa na mkasa wa jinsi hiyo. Fundi alikwangua chokaa akapiga saruji, eti ndiyo ngumu. Ukuta wa mawe ya matumbawe haukuipenda. Ilinyanyuka mapande mapande, ikaanguka na nyuso za mawe.

Na moto nao. Punje ndogo zikipata joto la kutosha zinaungana na kukua. Ukiichomelea metali ya namna hiyo, pale penye mshono umeshaipoteza nano uliyoilipia. Kutu nayo ni shauri jengine kabisa.

Bawaba niliinunua, maana ilikuwa nzito na pini yake imekaa sawa. Nilimwambia kijana asiseme "imetiwa nano". Aseme ina punje za nano, akiwa na hakika nazo. Akauliza, "Na mteja akitaka kujua ngapi?" Nikamwambia huyo ndiye mteja wa kumpikia chai.