Vigan: mji ambako basi si gari na suka si dereva

Nilikuwa mwaka wa tatu jikoni Doha, namenya vitunguu na mama mmoja wa Kifilipino ambaye sote tulimwita Manang. Hilo si jina. Kwa Kiilokano, manang ni dada mkubwa, kama vile manong ni kaka mkubwa, na kumwita aliyekuzidi umri jina lake kavu ni utovu wa adabu, sawa na kwetu. Siku moja akawa anakumbuka kwao. Akasema anaitamani basi ya miwa, na suka iliyokaa mtungini mpaka ikakomaa.

Nilicheka mpaka kisu nikakiweka chini. Mtu wa Tanga akisikia basi na suka anaona gari la mkoani na dereva wake. Kumbe kwao basi ni pombe ya miwa, na suka ni siki.

Likizo iliyofuata nikapitia kwao kabla ya kurudi nyumbani. Vigan ni makao makuu ya mkoa wa Ilocos Sur, pwani ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Luzon, na sifa yake ni majumba ya kale na kazi za mikono. Nilikwenda na mawazo yangu, mengi yakaanguka. Tangu nirudi naulizwa yaleyale, kwa hiyo nayaandika hapa.

"Unatoka Manila asubuhi, jioni umerudi"

Thubutu. Ni kilomita kama 400, na kwa basi (hili la magurudumu) ni safari ya saa nane hadi kumi. Wengi husafiri usiku wakafika alfajiri. Unaweza pia kuruka hadi Laoag, mji ulio kaskazini yake, halafu ukashuka kwa barabara kilomita 80 hivi. Ukienda, lala siku mbili. Miezi mizuri ni Novemba hadi Aprili. Kuanzia Juni hadi Oktoba upande ule wa kisiwa unapigwa na mvua na vimbunga.

Na viza? Wengi wanadhani ni kizungumkuti kama cha Ulaya. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo huingia Ufilipino bila viza kwa siku 30, mradi pasipoti ina miezi sita mbele na tiketi ya kurudi ipo mkononi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani. Ila sheria za viza hubadilika, kwa hiyo uliza ubalozini kabla hujakata tiketi.

"Ni mji wa Wahispania"

Hili hata baadhi ya waongozaji wageni wanalisema, na lina nusu ya ukweli. Wahispania walifika miaka ya 1570, Juan de Salcedo akaweka hapo makao aliyoyaita Villa Fernandina, na mitaa ikapangwa kwa miraba kuzunguka uwanja na kanisa. UNESCO ilipouingiza mji kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1999, mwaka mmoja kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliutaja kuwa mfano uliohifadhika vizuri kuliko yote Asia wa mji uliopangwa na Wahispania.

Lakini ramani ni kitu kimoja na nyumba ni kitu kingine. Kabla Mhispania hajatia nanga, wafanyabiashara wa Kichina walikuwa wakija hapo kubadilishana bidhaa zao na dhahabu na nta iliyoteremshwa kutoka milima ya Cordillera. Baadhi yao waliweka makazi, wakaoa, wakazaa. Wajukuu wao, machotara wa Kichina na Kiilokano, ndio waliotajirika kwa biashara karne ya 18 na 19, na majumba mengi unayopiga picha leo ni yao. Mtaa wao uliitwa Kasanglayan, yaani kwa Wachina.

Simama mbele ya nyumba mojawapo utazame kutoka chini kwenda juu. Chini ni ukuta mnene wa matofali na chokaa, ambako palikuwa ghala na mahali pa kuweka gari la farasi. Ghorofani, wanakoishi watu, ni mbao ngumu za huko. Madirisha yanasukumwa pembeni kama milango ya kabati, nayo hayana kioo: yamejazwa vipande vya gamba la chaza bapa aitwaye kapisi, vyembamba kiasi kwamba mwanga unapenya ukiwa na rangi ya maziwa. Chini ya dirisha kuna kijidirisha kingine cha nguzo ndogondogo, ili upepo uingie hata dirisha kubwa likifungwa. Aliyekulia pwani yetu ataelewa bila kuelezwa. Hayo si mambo ya Madrid.

Jina lenyewe la mji, inavyosimuliwa, linatokana na biga'a, mmea wa jamii ya magimbi uliokuwa umejaa kando ya mto.

"Kila kinachouzwa Calle Crisologo kimetengenezwa Vigan"

Calle Crisologo ni ule mtaa wa kwenye picha: nusu kilomita hivi ya mawe, magari hayaruhusiwi, farasi wanavuta kalesa, taa za njano usiku. Pazuri, sikatai. Lakini maduka yake mengi yana fulana, sumaku za friji na vikapu ambavyo ungevikuta mji wowote wa watalii Ufilipino. Mgeni anazunguka pale kwa muda wa saa mbili, ananunua pochi, anaondoka akisema ameona kazi za mikono za Vigan. Ameona duka.

Mafundi wako kwingine. Wafinyanzi wa mitungi wako Pagburnayan, upande wa kusini-magharibi, na kwa miguu unafika. Wafumaji wako mitaa ya nje kama Camangaan, na huko utapanda traisikili, pikipiki yenye kibanda cha abiria ubavuni, binamu wa bajaji yetu.

"Burnay ni chungu kama vyungu vingine"

Mimi ndiye niliyelisema hili, mbele ya Manang, na nusura anifukuze kwao.

Vyungu tunavyovijua, vya Upareni au vya Wakikuyu, huchomwa kwa moto wa wazi, na maji hupenya kidogokidogo. Ndiyo maana maji ya mtungini huwa baridi. Vigan wanavyo vya namna hiyo pia, vyekundu na laini, wanaviita damili. Burnay ni kitu kingine. Ni mtungi wa rangi ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, haujapakwa rangi wala king'arishi, na umechomwa kwa joto kali hata udongo ukashikana kama jiwe. Ugonge kwa kifundo cha kidole: unalia kama chuma.

Ufundi huu uliletwa na Wachina, na tanuri ndiyo inayokuambia. Ni handaki refu la matofali lililolala kwenye mteremko kama joka. Moto unawashwa upande wa chini na kupanda wenyewe kuelekea juu, ukipita katikati ya mamia ya mitungi iliyopangwa ndani. Kuni zinaongezwa kwa kupitia matundu ya ubavuni.

Nilichokaa kukitazama kwa muda mrefu, hata hivyo, si tanuri. Ni nyati maji. Udongo unaotoka ardhini unamwagwa shimoni na kuchanganywa na mchanga laini. Kisha mnyama anaingizwa na kuzungushwa, taratibu, duara baada ya duara, kwato zikizama na kutoka kwa sauti ya kunyonya. Hapo ndipo hewa inapotoka na udongo unakuwa mmoja. Mzee aliyekuwa akimwongoza hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa akichota donge, analivunja, anatazama ndani, anatikisa kichwa, anamrudisha nyati kazini. Kwenye gurudumu, ambalo linazungushwa kwa mguu, mtungi ulitoka kwa dakika chache tu. Mtalii anapiga makofi pale kwenye gurudumu, lakini kazi kubwa imeshafanyika shimoni.

Ukubwa na uzito wa mitungi hii si urembo. Maji ya miwa yanachemshwa, yanatiwa hamira yao na unga wa majani na mbegu za mti uitwao samak, kisha yanamwagwa kwenye burnay na kufungwa. Yakikaa yanakuwa basi. Basi ikiachwa ikazidi siku zake, inageuka suka. Humohumo mitungini ndimo wanamohifadhia bagoong, samaki waliochachushwa kwa chumvi. Kwa hiyo mtungi ukikosekana, pombe hakuna, siki hakuna, na mboga zao nusu hazina ladha. Wapare wanaokumbuka dengelua, pombe yao ya miwa, watasema "hii tunaijua". Sehemu ya kwanza, ndiyo. Sisi hatukuisubiri ifike kuwa siki, huwa imeshakwisha.

"Nguo ya asili ya Ufilipino ni ya nanasi"

Ya nyuzi za majani ya nanasi ipo, inaitwa piña, na nyumbani kwake ni Kalibo, mkoa wa Aklan, mbali sana na hapo. Ilocos ni nchi ya pamba. Kitambaa chao kinaitwa abel au inabel, ni kizito, kinafaa shuka na blanketi, na husifiwa kwamba zamani kilishonewa matanga ya majahazi makubwa yaliyovuka Pasifiki kwenda Meksiko.

Kinafumwa kwenye mtambo wa mbao unaokanyagwa kwa miguu. Wengi wanadhani kazi ni kule kukanyaga na kurusha uzi huku na huku. Mama niliyemkuta Camangaan alinionyesha kilichomla muda: kuuandaa mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa. Uzi mmoja mmoja, mamia, unapitishwa kwenye tundu lake kwa kidole na ndoana, na ukikosea mmoja, kosa linatembea na kitambaa mpaka mwisho. Alikuwa ameanza juzi. Kufuma kwenyewe, alisema, ni mapumziko.

Nakshi yao maarufu ni binakol, miraba inayopinda hata jicho linaona kitambaa kinavimba na kuzunguka. Wazee walisema inawachanganya mashetani wasimkaribie aliyelala. Pinilian ni ya maua na maumbo yanayoinuliwa juu ya kitambaa kwa kuchagua nyuzi moja moja. Fundi mkubwa wa abel, Magdalena Gamayo, aliyepewa heshima ya hazina hai ya taifa mwaka 2012, ni mtu wa Pinili, mkoa jirani wa Ilocos Norte, si wa Vigan kama wauzaji wengine wanavyokuaminisha.

Ukinunua, kigeuze. Nakshi iliyochapwa huwa imefifia nyuma. Iliyofumwa inaonekana pande zote mbili. Pindo la mkono lina kasoro ndogondogo. Ila usidanganywe na maneno ya "pamba ya shambani kwetu": nyuzi nyingi siku hizi zinanunuliwa tayari kutoka viwandani. Mkono ndio wa hapo.

"Mafundi na wakulima wale ni watu wapole, hawana historia ya vurugu"

Serikali ya Kihispania ilihodhi biashara ya pombe na kuwakataza watu kutengeneza basi yao wenyewe. Septemba 1807 Wailokano wakaasi, wakateremka kusini kuelekea Vigan, na wakavunjwa nguvu kwenye mto Bantaoay, karibu kabisa na mji. Mwaka 1821 mchoraji wa hapo, Esteban Villanueva, alilichora tukio zima katika picha 14, na kwenye baadhi yake kuna nyota yenye mkia, kwa kuwa mwaka ule wa uasi, 1807, nyota kubwa ya namna hiyo ilionekana angani. Picha zimo katika Makumbusho ya Taifa hapo Vigan, ambayo sehemu yake ilikuwa gereza. Humo gerezani ndimo alimozaliwa rais Elpidio Quirino mwaka 1890; baba yake alikuwa mlinzi. Watu wachache sana walikuwa ndani siku niliyoingia. Wote walikuwa Calle Crisologo.

"Empanada ni sambusa tu, kula bila wasiwasi"

Kwa mbali inafanana. Ganda ni la unga wa mchele, rangi ya machungwa, linaumuka na kupasuka likikaangwa, na linaliwa na suka. Lakini ndani, pamoja na papai bichi la kukunwa na yai, huwekwa longganisa, soseji ya nguruwe yenye kitunguu saumu kingi. Muislamu aseme mapema anataka ya mboga na yai, na akumbuke mafuta ya karai ni yaleyale. Mimi nilikula wali, samaki na mboga za nyumbani kwa Manang, sikulala njaa. Ukishiba sema "agyamanak", asante ya Kiilokano. Kitagalogi watakuelewa, lakini si lugha ya mama pale, na nyuso zinabadilika ukijaribu ya kwao.

"Baada ya tetemeko hakuna kilichobaki"

Tarehe 27 Julai 2022 tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilipiga mkoa jirani wa Abra. Vigan kuta zilimwaga matofali mtaani, madirisha ya kapisi yakapukutika, na mnara wa kengele wa Bantay, ng'ambo tu ya mji, ukaumia vibaya. Mji haukuanguka. Nyumba zina wenyewe, watu wanaishi ghorofani na kuanika nguo nyuma, na wengi walianza kukarabati wakiwa bado wamo ndani.

"Mtungi haubebeki"

Nilinunua miwili midogo. Mmoja niliuweka juu, kwenye kichanja cha mizigo cha basi la kurudi Manila, ukapasuka kabla hatujafika nusu ya njia, kosa langu mwenyewe. Wa pili niliuviringisha kwenye shuka ya binakol nikaupakata hadi Tanga. Mama aliutazama, akauliza kama huko kote nilikokwenda nimeona chungu tu. Akautia achari ya embe. Haujavuja.