Ukifuta build-essential, gcc bado ipo
Wengi wanadhani ukishaandika sudo apt remove build-essential kwenye Linux ya Ubuntu au Debian basi zana zote za kujengea programu zimeondoka, alafu wanashangaa gcc (zana inayogeuza msimbo wa C kuwa programu) bado ipo, gcc --version inajibu. Iko hivi, build-essential yenyewe ni kifurushi karibu kitupu, kazi yake ni kuwaita wenzake gcc, g++, make, libc6-dev na dpkg-dev, kwahiyo ukiifuta umemtoa aliyewaalika wageni ila wageni wenyewe bado wamekaa sebuleni. Kuwatoa piga sudo apt autoremove, inayofuta vifurushi vilivyokuja kwa kuitwa na vingine na sasa havihitajiki, ila soma listi kabla hujabonyeza Y maana inaweza kubeba na vingine (mi huwa naisoma mara mbili). Na kama gcc uliiweka mwenyewe kwa jina lake, autoremove haiigusi, itabidi uitaje: sudo apt remove gcc.