Kukesha na slaidi hakukuletei ofa

Ushauri ule ule umerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara: ukipata mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni ya ushauri wa biashara, jifungie, usimsumbue mtu, kesha, kisha mkabidhi meneja kazi iliyokamilika. Jamani! Hivyo ndivyo watu wanavyokosa ofa ya ajira mafunzo yakiisha.

Mafunzo hayo kwa kawaida ni wiki 8 hadi 10, kati ya mwaka wa kwanza na wa pili wa MBA. Tathmini ya katikati huangukia wiki ya 4 au ya 5. Ondoa wiki ya kwanza inayoliwa na utambulisho, kompyuta na nywila. Zinabaki kama tatu hivi kabla maoni juu yako hayajaganda. Ukijifungia mbili kati ya hizo, meneja atakutathmini kwa lipi?

Chukua mfano. Mteja anataka kujua kama soko la unga wa sembe Dar es Salaam linabeba kiwanda kingine. Unaanzia Sensa ya 2022: watu 5,383,728. Ukikadiria kilo 5 kwa mtu kwa mwezi, unapata takribani tani 323,000 kwa mwaka. Ukikadiria kilo 3, zinashuka hadi 194,000. Idadi ya watu haina ubishi. Kila kitu kinaning'inia kwenye zile kilo, na umezikisia. Halafu kuna unga wa kusagisha mashineni mtaani, ambao haununuliwi kwenye pakiti. Usipoutoa, unamuuzia mteja soko ambalo halipo. Mwanagenzi aliyejifungia hujenga kwenye Excel karatasi kumi na mbili juu ya kilo 5, azipake rangi, Ijumaa usiku meneja aulize, "Hii tano imetoka wapi?" Hapo hakuna cha kurekebisha, ni kuanza upya.

Badala yake, Jumatatu ya wiki hiyo, kabla ya kufungua Excel, chukua karatasi ya A4, igawe visanduku sita. Katika kila kimoja andika kichwa cha slaidi kama sentensi kamili yenye jibu unalolitarajia, na chini yake chora grafu tupu. "Ukubwa wa soko" si kichwa. "Soko la pakiti linatosha kiwanda kimoja tu kipya" ndicho kichwa, hata kama baadaye kitageuka. Pembeni orodhesha dhana tatu, yaani makisio kama zile kilo 5, zinazoweza kupindua jibu. Omba dakika kumi na tano. Usiseme "naomba uniangalizie"; sema, "Nimetumia kilo 5 kwa sababu hii; ikiwa 3, jibu linageuka. Nithibitishe kwa wauza jumla au una takwimu za mradi mwingine?" Swali la namna hiyo halikuonyeshi mjinga. Mjinga anaonekana Ijumaa.

Nakiri dawa hii haimfai kila meneja. Wapo wanaosoma rasimu kama kazi ya mwisho, wakahesabu makosa ya tahajia. Kwa hao mimi ningeandika RASIMU kwa herufi kubwa juu ya kila ukurasa na kumwonyesha kwanza mshauri wa ngazi ya kati, ingawa hata hapo sina uhakika kwamba inatosha. Na ofa yenyewe hutegemea pia nafasi zilizopo. Mwaka wa biashara mbaya, mzuri naye hukosa.

Mengine kwa haraka. Kila namba iwe na chanzo chini ya slaidi. Dhana zote zikae kwenye karatasi moja ya Excel, zisifichwe ndani ya fomula. Jumla ya slaidi ya 4 ilingane na ya 9. Mbia, yaani mmoja wa wamiliki wa kampuni ya ushauri, huzikagua hizo kwanza, na zikipishana haendelei kusoma. Usimtumie mteja kitu chochote ambacho meneja hajakiona. Vyakula vya jioni na wabia havina uzito kama mnavyodhani.

Wiki ya mwisho andaa makabidhiano: faili moja la Excel lenye tarehe kwenye jina, orodha ya waliohojiwa, na dhana ambazo bado hazijathibitishwa. Jaribu kumpa mwenzako asiyejua mradi. Akishindwa kufuata namba hadi chanzo chake ndani ya dakika tano, faili bado halijaiva.