Mtoto kapasuliwa moyo kapona, sasa anakuwa mkubwa: maswali yenu na majibu

Swali: Mwanangu alibadilishwa valvu (mlango wa moyo) Dar pale taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, saivi anacheza mpira hana hata kikohozi. Mbona bado sindano kila wiki nne?

Jibu: Mana iliyotengenezwa ni valvu, ugonjwa ulioiharibu unaweza kurudi. Homa ya rumatiki inaanzia kooni, mtoto anaumwa koo kwa vijidudu vya streptokokasi, mwili unapigana navyo afu unavamia mpaka valvu zake wenyewe, na ikirudi zile nyengine nazo zinaharibika. Penisilini ya benzathini ndo inamkinga. Aliepasuliwa kwa kawaida anachomwa mpaka afike miaka 40 na wengine maisha yote, kwahiyo kumaliza skuli sio kumaliza sindano.

Swali: Ana miaka 16, hataki tena, anasema inauma.

Jibu: Inauma kweli, msimgombeze. Muombeni nesi aishike dawa kiganjani mpaka ubaridi utoke, aichome polepole, na inaweza kuchanganywa na ganzi ya lignokeini. Lakini mara nyingi shida ni kuwa kadi anayo mama, tarehe anazijua mama, majina ya dawa anayajua mama, afu mtoto anatoka Pemba kwenda chuo Unguja akiulizwa spitali unaumwa nini anasema "moyo" basi. Tangu miaka 12 hivi mwacheni ajieleze mwenyewe kwa daktari, mama akae pembeni asikilize.

Swali: Binti yangu ana valvu ya chuma, anakunywa wofarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na keshaposwa. Atazaa?

Jibu: Wapo wanaozaa, ila ni mimba ya hatari, kwahiyo aonane na daktari wa moyo KABLA hajashika mimba. Wofarini inaweza kumlemaza mtoto tumboni khasa mwezi wa pili na wa tatu, na akiiacha mwenyewe damu inaganda kwenye valvu tunampoteza yeye, ndo mana asiache na asingojee, siku zikipitiliza tu akapime mimba na aende kwa daktari ajue kama atahamishiwa sindano za heparini, nayo ya kuzuia damu isigande. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo sio vyake, vinazidisha kuganda damu. Na tafadhalini sana mchumba aambiwe kabla ya ndoa. Mkimficha, bibi harusi atakuwa anameza dawa chooni mlango kaufunga, siku nyumba ina wageni anaikosa, kesho tena anaikosa.

Swali: Anaekunywa wofarini, mchicha na kisamvu aache?

Jibu: Ale, ila kiasi kilekile siku zote. Akikaa wiki hali majani afu akashindilia kisamvu siku tatu, kipimo cha INR (kinachoonesha damu inachelewa vipi kuganda) kinashuka na damu inaganda kirahisi. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya dukani, asiiguse, inamtoa damu.

Swali: Anataka kung'oa jino.

Jibu: Amwambie daktari wa meno mapema kuwa ana valvu ya chuma, apewe antibayotiki kabla ya kung'oa, mana vijidudu vya mdomoni vinaingia kwenye damu vikajikita kwenye valvu. Wofarini asiisimamishe mwenyewe kwa ajili ya jino, daktari wake wa moyo ndo aseme.