Mchezaji wa Mpira wa Wavu Ughaibuni: Karatasi Zinazotangulia Safari

Mchezaji wa Kenya anapoitwa na klabu ya Ugiriki au Uturuki baada ya kung'ara katika mashindano ya Afrika, watu wa nyumbani humwona kuwa amefika, na wana haki ya kufurahi. Sharon Chepchumba alipojiunga na Aris ya Thessaloniki mwaka 2022, habari hiyo ilipokelewa kama ushindi wa Malkia Strikers nzima, yaani timu ya taifa ya wanawake ya Kenya. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba anayeondoka huwa ameingia katika ajira ya msimu: mkataba wa takribani miezi saba au minane, unaoanza majira ya Septemba au Oktoba na kumalizika Aprili au Mei, bila ahadi yoyote ya mkataba mwingine. Katika kazi yetu ya kuwashauri wachezaji na familia zao tumeona kuwa kipaji ndicho kinachomfanya mtu aitwe, lakini jinsi atakavyoishi huko, atakavyolipwa na atakavyorudi huamuliwa kwa kiasi kikubwa na karatasi alizotia saini kabla ya kupanda ndege. Kwa sababu hiyo makala haya yatakaa zaidi kwenye karatasi hizo kuliko kwenye uwanja.

Kwanza ieleweke kwa nini safari yenyewe inafaa. Timu ya wanawake ya Kenya imeshiriki Michezo ya Olimpiki ya Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo, iliyofanyika 2021, na Paris 2024. Huko Paris ilipangwa pamoja na Brazili, Poland na Japani, ikafungwa mechi zote tatu bila kupata hata seti moja, ingawa mwaka mmoja tu kabla yake ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mjini Yaoundé. Nahodha wa Brazili, Gabi Guimarães, alifika Paris akiwa ametoka kumaliza misimu mitano na VakıfBank ya Istanbul, na nahodha wa Poland, Joanna Wołosz, alikuwa mpangaji wa mashambulizi wa Imoco Conegliano ya Italia tangu 2017. Wachezaji wa namna hiyo hukutana na mipira migumu ya kiwango cha dunia kila wiki, kwa miezi mingi ya mwaka, wakati mwenzao wa Afrika Mashariki hukutana nayo kwa siku chache baada ya miaka. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na kambi ya mazoezi ya wiki sita, hata kama kocha ni hodari namna gani. Wala kwenda nje si dalili ya unyonge wa nchi, kwa kuwa Marekani yenyewe, yenye mchezo mkubwa wa vyuo vikuu, iliwapeleka wachezaji wake bora wa kike ng'ambo kwa miongo mingi kwa kukosa ligi ya ndani ya kudumu, hadi ligi mpya zilipoanza kujitokeza katika miaka ya karibuni. Jordan Larson alijijenga Kazan nchini Urusi kuanzia 2009, kisha akahamia Istanbul, na miaka hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye dhahabu ya Tokyo.

Hata hivyo, anayetoka Kenya huacha kitu ambacho Mmarekani haachi. Klabu kubwa za wanawake nchini humo, kama vile Kenya Pipeline, KCB na Kenya Prisons, ni timu za mashirika na taasisi, na mchezaji mara nyingi ni mwajiriwa au hutarajia kuajiriwa humo atakapostaafu uwanjani. Mfumo huo umelea vizazi vya wachezaji, na KCB iliyotwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2022 ni tunda lake. Mshahara unaweza kuwa wa kawaida, lakini una bima ya matibabu, likizo ya uzazi na pensheni, mambo ambayo mkataba wa Ulaya hauyatoi kwa urahisi. Ndiyo maana tunamsihi kila anayepata mwaliko aombe likizo bila malipo kwa barua, na apewe jibu la barua linalotaja tarehe ya kurudi kazini na hali ya michango yake ya pensheni kwa kipindi hicho. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa meneja anayempenda haitoshi, kwa kuwa meneja huyo anaweza kuhamishwa kabla msimu haujaisha.

Baada ya mwajiri wa nyumbani, karatasi inayofuata ni Cheti cha Uhamisho wa Kimataifa, ambacho wadau wote hukiita ITC. Bila cheti hiki mchezaji haruhusiwi kucheza mechi rasmi katika nchi isiyo ya shirikisho lake la asili. Hutolewa kwa njia ya mtandao chini ya Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu, FIVB, lenye makao yake Lausanne, Uswisi, na kila upande unapaswa kuridhia: mchezaji mwenyewe, shirikisho lake la asili, klabu inayompokea na shirikisho la nchi anakokwenda, pamoja na klabu anayotoka ikiwa bado ana mkataba nayo. Kuna ada za kulipwa katika hatua hizo, na kwa desturi klabu inayompokea ndiyo huzibeba, ila desturi hiyo iandikwe katika mkataba ili asije akajikuta anakatwa mshahara wa kwanza. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kikiisha mchezaji hurudi moja kwa moja chini ya shirikisho lake la asili. Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe kweli amesajiliwa huko aliko aulize jambo moja tu, nalo ni kama ITC imeidhinishwa, kwa sababu picha akiwa amevaa jezi ya klabu hazithibitishi chochote.

Uzito wa jambo hili ulionekana kwa mchezaji aliyekuwa katika kilele cha uwezo wake. Kim Yeon-koung wa Korea Kusini alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano ya Olimpiki ya London 2012, na kabla ya hapo alikuwa ameisaidia Fenerbahçe ya Istanbul kutwaa ubingwa wa klabu za Ulaya. Lakini klabu yake ya Korea, Heungkuk Life, ilishikilia kuwa miaka aliyocheza Japani na Uturuki ilikuwa ya mkopo, na kwamba hakuwa ametimiza misimu sita ya ndani inayompa mchezaji uhuru wa kuhama chini ya kanuni za ligi yao. Yeye aliona kuwa mkataba wake umekwisha na yuko huru. Mgogoro ulifika hadi FIVB, na mchezaji bora wa Olimpiki akawa anasubiri cheti wakati wenzake wanajiandaa na msimu. Hatimaye aliendelea kuichezea Fenerbahçe kwa miaka mingine, lakini somo linabaki kwa yeyote anayeondoka kwa makubaliano ya mkopo: neno mkopo, muda wake, na nani ana haki juu yako ukirudi, vyote viwe vimeandikwa na kueleweka kabla ya kuondoka.

Tukija kwenye mkataba wenyewe, kipengele cha fedha ndicho husomwa kwanza, na mara nyingi ndicho pekee husomwa. Swali la msingi ni kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya kodi, maana klabu nyingi za Ulaya huahidi malipo halisi yanayomfikia mchezaji mkononi na kuichukua kodi kuwa mzigo wao, wakati nyingine hutaja kiasi kikubwa ambacho hupungua sana kikipita mamlaka ya mapato. Sarafu nayo ni jambo zito. Lira ya Uturuki ilipoteza sehemu kubwa ya thamani yake kati ya 2021 na 2024, na mchezaji ambaye mkataba wake uliandikwa kwa lira alijikuta mwishoni mwa msimu akipokea pesa zinazonunua kidogo kuliko alizopokea mwanzoni, tofauti na mwenzake aliyelipwa kwa yuro. Nyumba, tiketi za ndege za kwenda na kurudi, chakula na usafiri wa kwenda mazoezini huwa sehemu ya makubaliano, na ni vyema kila kimoja kitajwe kwa jina lake badala ya kufunikwa na maneno kama huduma muhimu.

Vipengele viwili vinahitaji macho ya mwanasheria. Cha kwanza ni uchunguzi wa afya, kwani mikataba mingi husema kuwa haitakuwa na nguvu mpaka mchezaji apite uchunguzi wa daktari wa klabu baada ya kuwasili. Sharti hilo ni la haki, ila liwe na muda mfupi uliotajwa, na klabu ilipe tiketi ya kurudi ikiwa atakataliwa. La sivyo uchunguzi unaweza kutumiwa kama kisingizio baada ya wiki tatu za majaribio yasiyolipwa. Cha pili ni majeraha. Mchezaji anayeumia goti mwezi Desemba anapaswa kujua tangu Septemba kama ataendelea kulipwa hadi mwisho wa mkataba, nani atagharimia upasuaji, na kama atabaki katika nyumba ya klabu wakati wa kupona. Pia mkataba utaje idadi ya siku za ucheleweshaji wa mshahara ambazo zikipita mchezaji ana haki ya kuondoka huku akidai stahiki zake. Ucheleweshaji ni ugonjwa wa kawaida katika klabu ndogo, na FIVB ina baraza lake la kusikiliza madai ya fedha kati ya wachezaji, makocha, mawakala na klabu, ambalo uamuzi wake usipotekelezwa klabu inaweza kuzuiwa kusajili wachezaji kutoka nje. Baraza hilo huamua kwa maandishi, kwa hiyo mwenye kumbukumbu za barua pepe na taarifa za benki ana nguvu kuliko mwenye ahadi alizopewa mezani.

Kuhusu mawakala, FIVB huwapa leseni na majina yao yanaweza kuhakikiwa. Wakala wa kweli hupata asilimia ya mkataba, mara nyingi ikilipwa na klabu. Anayemtaka binti atume pesa kwanza ili apate klabu, au anayemshauri asafiri kwa viza ya utalii ili mambo mengine yakamilishwe huko huko, aachwe mara moja. Viza ya utalii ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inamruhusu mtu kukaa siku 90 katika kila siku 180 na haimpi kibali cha kufanya kazi. Italia huenda mbali zaidi, kwani kila mwaka serikali yake huweka idadi ya wanamichezo kutoka nje ya Umoja wa Ulaya wanaoruhusiwa kuingia, na nafasi hizo hugawanywa kupitia kamati yake ya Olimpiki, CONI. Hakuna njia ya mkato hapo.

Maisha ya kila siku yana ratiba inayobana. Asubuhi ni mazoezi ya nguvu, jioni ni uwanjani, katikati kuna kutazama video za wapinzani, na mwisho wa wiki kuna mechi ambayo huenda iko umbali wa saa saba kwa basi. Baridi na chakula huzoeleka baada ya muda. Kigumu zaidi ni nafasi ya mgeni katika timu. Ligi nyingi huweka kikomo cha wageni; Korea Kusini, kwa mfano, kwa miaka mingi imeruhusu kila timu mgeni mmoja tu, na kuanzia msimu wa 2023/24 ikaongeza nafasi moja kwa mchezaji wa kutoka Asia. Mgeni hulipwa ili afunge pointi, na timu ikipoteza mechi mfululizo hutazamwa yeye kabla ya mwenyeji. Familia inayopiga simu baada ya kila mechi kuuliza matokeo huongeza mzigo huo bila kujua, na tunaiomba izungumze naye mambo mengine. Aliyeko Istanbul ana nafuu moja, kwani saa ya huko ni sawa na ya Nairobi na Dar es Salaam mwaka mzima.

Mwili nao hudai haki yake. Kuruka mara nyingi kila siku huchosha kano iliyo chini ya pia ya goti, na maumivu hayo huanza polepole hata mchezaji huyazoea badala ya kuyaripoti. Kifundo cha mguu huteguka hasa anapotua juu ya mguu wa mwenzake karibu na wavu. Kwa washambuliaji kuna tatizo lisilojulikana sana, ambapo neva inayopita nyuma ya bega huumia na msuli mmoja wa hapo husinyaa bila maumivu makali. Daktari huligundua kwa kumtazama mgongoni. Vipimo vya bega na magoti vifanyike nyumbani kabla ya safari na nakala zake zihifadhiwe, ili jeraha la zamani lisije likadaiwa kuwa jipya, wala jipya likadaiwa kuwa la zamani. Mafua ya majira ya baridi yasitibiwe kwa vidonge vya dukani bila kumuuliza daktari wa timu, maana baadhi yake vina pseudoefedrini, ambayo kwa kiwango fulani imepigwa marufuku wakati wa mashindano.

Msimu wa klabu ukiisha, kalenda ya FIVB hutoa nafasi kwa timu za taifa, na mchezaji huweza kutoka kwenye fainali ya ligi akaingia kambini bila wiki mbili za kupumzika. Shirikisho na klabu hazina budi kuwasiliana mapema juu ya tarehe na hali yake ya afya. Kabla hajaondoka mjini alikochezea, achukue taarifa ya daktari wa klabu, hati ya kodi iliyolipwa kwa jina lake, uthibitisho wa malipo ya mwezi wa mwisho na nakala ya mkataba yenye saini za pande zote mbili. Hati hizo hupatikana kwa siku moja ofisi ikiwa wazi, lakini klabu nyingi hufunga ofisi zao katikati ya kiangazi, na baadhi hubadilisha uongozi wote kabla ya msimu mpya.