Vitz na Wenzake: Yanayosemwa Kijiweni na Yalivyo Kweli

Paki Vitz mbele ya kijiwe cha kahawa halafu usikilize. Mmoja atasema ni gari la kuhongwa. Wa pili atasema likipulizwa na basi linahama njia. Wa tatu, ambaye shemeji yake analo, atalitetea kwamba halili mafuta, haliumwi na spea zake bwerere. Wote watatu wanaongea kwa uhakika, na wote wanahitaji kurekebishwa kidogo.

Ninachokiona ni kwamba sifa na kashfa za vigari hivi, yaani Vitz na Passo za Toyota, Swift ya Suzuki, March ya Nissan na Fit ya Honda, zina chanzo kimoja: wepesi. Vitz ya injini ya lita 1.0 iliyoanza kutoka mwaka 2005 ina uzito wa tani moja hivi. Prado ya miaka hiyo hiyo ni karibu mara mbili. Ukilishika hilo, mengi ya kijiweni yanajipanga yenyewe.

"Ni gari la wadada"

Kashfa hii inatokana na sura tu. Vitz ya kwanza ilitoka Japani Januari 1999, ikichorwa na Mgiriki Sotiris Kovos, na Ulaya ikauzwa kwa jina la Yaris. Huko ikachaguliwa Gari Bora la Mwaka 2000. Uso wake wa duara na taa kama macho ya mtoto vilikusudiwa, na wanunuzi wa jinsia zote walivipenda.

Kwa anayedhani urembo na ukali haviishi nyumba moja, jibu lipo Naivasha. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, dereva Sébastien Ogier alishinda akiwa ndani ya Yaris. Mwaka 2022 Toyota wakarudi na Yaris mpya, wakachukua nafasi ya kwanza hadi ya nne. Mwaka 2023 wakarudia vilevile. Sisemi gari lile na lako ni mapacha. La mashindano limebaki na sura na jina, mengine yote yametengenezwa upya. Lakini sura ni hiyo hiyo inayochekwa kijiweni.

Mzee wao wote ni Mini ya Uingereza ya mwaka 1959, iliyobuniwa na Alec Issigonis. Aliilaza injini kwa upana ili ndani kupatikane nafasi ya watu wanne kwenye gari la urefu wa mita 3 na kidogo. Kigari hicho kilishinda Monte Carlo Rally mwaka 1964, 1965 na 1967. Mwaka 1966 pia kilifika cha kwanza, kikaenguliwa kwa kosa la taa.

"Raha ya gari ni cc"

Hapa, kwenye cc, yaani ukubwa wa injini, ndipo ninapobishana na watu hadi usiku. Raha ya kuendesha ni kuhisi gari linakujibu: unakata usukani linageuka, unagusa breki linatii. Gari jepesi linafanya hivyo bila kuhitaji spidi ya ajabu. Lenye injini ya lita 3 utalifurahia kuanzia 140, na 140 si spidi ya barabara ya Dar hadi Tunduma. Kigari kinakupa starehe hiyo ukiwa 50, kwenye mzunguko wa mtaani kwako.

Ila tusidanganyane, vigari havilingani. Vitz ya 1.0 ina usukani mwepesi kama wa mchezo wa watoto. Haukwambii chochote kuhusu barabara. Passo ni gari la sokoni, basi. Kwa raha halisi, kwa maoni yangu, Swift iliyotoka mwishoni mwa 2004 ndiyo bingwa wa kundi hili, hasa Swift Sport ya lita 1.6. Kwa upande wa Toyota, tafuta Vitz RS, toleo lake la kimichezo, la lita 1.5.

Na hapo pana mtego. Nembo ya RS inauzwa madukani kama stika nyingine, na wapo wanaoibandika kwenye Vitz ya 1.0 kabla ya kuitangaza. Usiangalie mlango wa nyuma, angalia kadi ya gari, kwenye namba ya chasisi. Magari ya soko la Japani yanaanza na herufi na namba za modeli. KSP90 ni Vitz ya 1.0, SCP90 ni ya 1.3, na NCP91 ni ya 1.5, ambayo ndiyo injini ya RS. Kwa Swift, ZC11S ni 1.3, ZC21S ni 1.5, ZC31S ndiyo Sport yenyewe. Muuzaji anayekuonyesha KSP90 akiita RS, mshukuru kwa muda wake.

"Linatetemeka, injini imekufa"

Injini ya 1KR iliyomo kwenye Vitz na Passo nyingi ina silinda tatu. Pistoni tatu haziwezi kutulizana kama nne. Kila mzunguko injini inayumba kidogo mbele na nyuma. Ukiwa kwenye foleni, gia iko D na AC inapiga, utausikia mtikisiko kwenye kiti. Ni tabia yake tangu kiwandani.

Ugonjwa ni mtikisiko unaoongezeka. Kioo cha ndani kikianza kucheza mpaka huoni gari la nyuma, anza na maunti, yaani mipira inayoshikilia injini, kisha plagi, kisha usafishe throto, mlango wa hewa ya injini. Fundi anayekimbilia kufungua injini kabla ya kugusa hivyo vitatu, huyo anatafuta ada ya shule kwako.

Jingine linaloendana na hili ni mkanda wa taimingi, unaooanisha valvu na pistoni. Starlet za zamani zilikuwa na mkanda unaobadilishwa. Vitz ya silinda tatu ina cheni, haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha. Ukiletewa bili ya mkanda huo, omba uonyeshwe uliotolewa.

"Injini ndogo, weka oili yoyote"

Hii ndiyo dhana iliyoua vigari vingi kuliko barabara mbovu. Mfumo wa Toyota uitwao VVT-i unasogeza taimingi, yaani wakati wa valvu kufunguka, kwa presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba na valvu yenye chujio dogo. Oili inayotakiwa ni nyepesi, 0W-20 au 5W-30. Ukimwaga 20W-50 ya Fuso kwa kuwa "ni nzito, inalinda", unalichelewesha jambo ambalo injini inalihitaji sekunde hiyo unapowasha asubuhi.

Kipimo nacho kinasahaulika. Injini hii inachukua takriban lita 3. Galoni nyingi madukani ni lita 4, na fundi hapendi kubakiza. Anamimina yote. Oili ikizidi inachapwa na krankishafti, shafti inayozungushwa na pistoni, hadi inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Simama naye, chomoa stiki, hakikisha oili imekaa kati ya alama mbili, kisha chukua lita yako iliyobaki uende nayo nyumbani.

Kwa gia za CVT, otomatiki zisizo na hatua, kosa ni baya zaidi, maana ndani yake mna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Hauendi na ATF, oili ya gia otomatiki za kawaida, hata kama galoni imeandikwa otomatiki. Zinatakiwa oili za CVT, zile Toyota wanazoziita TC au FE, kulingana na gari. Ukikosea, gari litaendelea kutembea kwa muda kama kawaida, ndiyo maana fundi mwenye kosa hapatikani siku gia inapoanza kulia.

"Halili mafuta"

Linakula kidogo, ukiliendesha kidogo. Namba ya zaidi ya kilomita 20 kwa lita inayosomwa kwenye matangazo ilitoka kwenye kipimo cha Japani kilichoitwa 10-15. Wastani wake wa spidi haukufika 23 kwa saa, na spidi ya juu kabisa ilikuwa 70, yote yakifanyika maabara. Hakukuwa na foleni ya Mbagala wala abiria watano na gunia la mchele.

Injini ya 1.0 ina nguvu ya farasi 70 hivi, na unazipata zote mshale ukikaribia 6,000. Mtu anayesafiri kila wiki na familia akiwa 120, akikanyaga mpaka chini kila mlima, anaweza kukuta ya 1.3 inamlia sawa au kidogo kuliko ya 1.0, kwa kuwa ile ya 1.3 haikimbizwi.

Faida ya kweli ya 1.0 kwa Tanzania iko pia kwenye kodi. Kwa miaka mingi gari lisilozidi cc 1,000 limesamehewa ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa ukubwa wa injini, na Vitz ya silinda tatu ina cc 996. Lakini umri una ushuru wake wa peke yake gari likivuka miaka 8, na hapo wanunuzi wengi hushtuka. Kenya hawana mjadala huo. Lililozidi miaka 8 haliingii. Halafu tangu 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa Tanzania ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo anayechoma kidogo analipa kidogo.

"Mkoani halifiki"

Linafika. Kitonga linapanda, Lushoto linapanda, polepole na kwa kelele. Jua tu kwamba injini isiyo na tabo (turbo), kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo farasi wako 70 wakifika nyanda za juu si 70 tena.

Hatari iko kwenye kuovateki. Ukiwa na watu wanne na AC, kulipita semi kunataka nafasi ndefu kuliko macho yanavyokwambia. Zima AC, kanyaga kabla hujatoka upande wako, na kama mshale umeshapanda na gari haliendi, rudi nyuma ya semi bila aibu. Kuteremka, toa D uweke S au B ili injini isaidie breki. Breki za kigari zikipata moto mteremko wa Kitonga hazikupi onyo mara mbili.

Na yule wa kijiweni aliyesema basi linalipuliza, hakukosea sana. Shika usukani kwa mikono miwili.

"Ukigongwa umekwisha" na "Lina nyota tano"

Kambi mbili, na ukweli unawauma wote. Yaris ya 2005 ilipata nyota tano za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, kwa hiyo si kopo. Lakini jaribio lile ni kugonga kizuizi, ambapo gari linapambana na uzito wake lenyewe. Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, iligonganisha Yaris na Camry, Toyota kubwa zaidi, uso kwa uso. Yaris, iliyokuwa na alama nzuri kwenye kizuizi, ikapata alama ya chini kabisa. Uzito haubembelezwi. Nyota zinakusaidia kulinganisha kigari na kigari, hazikulinganishi na Fuso.

Nyota za Ulaya zilipimwa pia na vifaa vya Ulaya. Vitz nyingi za madaraja ya chini za Japani zilikuja na eabegi mbili tu za mbele, na huenda hata hizo hazipo tena kama gari lilishagongwa likapigwa rangi. Washa swichi bila kuwasha injini, tazama taa ya eabegi, ya SRS. Inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Isipozima, pana hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameing'oa ili usiulize.

Vitz za kati ya 2003 na 2007 zimo pia kwenye kundi lililoitwa kurejeshwa kwa sababu ya eabegi za kampuni ya Takata, ambazo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu hadi kasha linaweza kupasuka na kurusha vyuma. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar, Tanga, Mombasa na Unguja. Namba ya chasisi inatosha kuuliza kama lako limo na kama lilishatengenezwa.

"Liinue na spesa, litakuwa kama Jeep"

Uwazi wa chini ni sentimita 14 au 15, na matuta yetu hayajengwi kwa kipimo. Naelewa kishawishi. Spesa, kipande kinachowekwa kwenye springi, inainua bodi lakini haibadilishi shokapu, inapindisha pembe za sivijointi zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, na gari linaanza kuegemea kwenye kona. Umenunua kigari kwa sababu kinageuka vizuri, halafu unalipa fundi akiondoe kitu hicho hicho. Kama barabara ya kwenu ni mashimo mwaka mzima, hukununua gari baya, umenunua lisilo lako.

"Spea zake bwerere"

Za injini, ndiyo. 1KR iko kwenye Vitz, Passo, Belta na iQ, na Ulaya iliwekwa hadi kwenye Peugeot 107 na Citroën C1. Plagi ni tatu, unaokoa hata hapo. Kinachogharimu ni kile kilichokufanya ulipende: taa za duara, bampa, saitimira. Kwa Vitz utavipata Kariakoo au Kirinyaga Road ya Nairobi kabla ya saa sita mchana. Kwa Nissan Figaro, ambayo zilitengenezwa 20,000 tu mwaka 1991, au Daihatsu Copen, taa moja ikivunjika unaisubiri kutoka Japani na gari linakaa uani.

Tairi nazo zitazame kabla ya kulipa. Ubavuni kuna namba nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari mengi yanatua bandarini na tairi za theluji zilizoandikwa STUDLESS. Mpira wake umetengenezwa ulainike kwenye baridi, na kwenye lami ya saa nane mchana ya Chalinze unakuwa kama bazoka. Zina kashata nzuri, zinang'aa, na muuzaji atakwambia ni mpya.