Si Linux inayoikwamisha Second Life yako

Ujumbe ule ule umekuja tena, na safari hii naujibu hapa ili siku nyingine nitume kiungo tu. Mtu ametoka Windows 10, ameweka Linux Mint, ameingia Second Life, ule ulimwengu wa 3D wa mtandaoni, anapata fremu (picha) nne tu kwa sekunde, na hukumu ameshaitoa: Linux haiwezi magemu.

Wengi wanaoniandikia hivi wamehama kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 imeikataa mashine yao. Wanafika tayari wamechoka, wanagonga ukuta wa kwanza, wanakata tamaa. Inaniuma, maana mara nyingi kompyuta ni nzima, Linux ni nzima, na kadi ya michoro imekaa tu bila kazi.

Fungua terminali, weka kifurushi cha mesa-utils kama hakipo, andika `glxinfo -B`, kisha soma mstari wa "OpenGL renderer". Ndani ya Firestorm, programu ya kuingilia Second Life, habari hiyo hiyo iko kwenye menyu ya Help, About Firestorm. Ukiona jina la kadi yako, vizuri. Ukiona neno llvmpipe, ujue prosesa ndiyo inayochora kila kitu peke yake: maji, mawingu, nywele za avata (mwili wako wa ndani ya mchezo), vivuli. Hakuna prosesa ya nyumbani itakayoiweza kazi hiyo, uiweke kwenye mfumo wowote unaoutaka. Tafadhali usiniandikie kuhusu fremu kabla hujausoma mstari huo.

Najua jibu linalofuata: "Lakini draiva ya NVIDIA nimeshaiweka!" Umeiweka hiyo programu ya kuiongoza kadi, sawa. Je, imepakiwa? Ni vitu viwili tofauti. Mashine yenye Secure Boot, kinga inayokagua programu wakati wa kuwasha, haikubali moduli ya kernel (kipande kinachoongezwa kwenye kiini cha Linux, kama draiva) isiyo na sahihi inayoiamini. Ubuntu na ndugu zake, Mint ikiwemo, wanalijua hilo, kwa hiyo wakati wa kuweka draiva wanaweza kukuomba ubuni nenosiri. Ukiwasha upya, kabla mfumo haujaanza, inatokea skrini ya bluu yenye maandishi makavu: Perform MOK management. Haikai, baada ya sekunde kadhaa inaondoka yenyewe. Mtu aliyekaa na Windows miaka mingi akiona bluu moyo unapasuka, anachagua Continue boot haraka au anaiacha ipite. Kumbe pale alitakiwa kuchagua Enroll MOK, yaani kusajili ufunguo wa sahihi ya draiva, akubali, aandike lile nenosiri alilobuni.

Akishapita, ufunguo haukusajiliwa, draiva inakataliwa kimyakimya, na nouveau, ile draiva huria ambayo ingeshika nafasi, imeshafungiwa nje na kifurushi kile kile cha NVIDIA. Inabaki prosesa. Na kibaya zaidi, dalili hazionekani: eneokazi linafunguka, kivinjari kinafunguka, video inacheza. Mtu anaamini kila kitu kiko sawa mpaka aingie Second Life. Andika `nvidia-smi`. Ikileta jedwali, draiva iko hai. Ikisema haiwezi kuwasiliana na draiva, rudia usajili. Kwenye Ubuntu amri ni `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, kisha washa upya, na safari hii usiikimbie skrini ya bluu.

Wengine hawajaweka draiva yoyote, wamebaki na nouveau. Nouveau ni kazi ya kuheshimiwa sana, imeandikwa na watu waliolazimika kuichunguza kadi kutoka nje. Lakini kuanzia kadi za mfululizo wa GTX 900, NVIDIA ilifunga kwa sahihi yake programu ndogo zinazoongoza kadi, na nouveau haikuweza tena kupandisha kasi ya saa ya kadi. Kadi inabaki kwenye kasi iliyowashiwa nayo. Kwa RTX 20, GTX 16 na zilizofuata, hali imeanza kubadilika tangu kernel 6.7 ya Januari 2024. Kwa GTX 900 na GTX 10, ambazo ndizo nazikuta kwenye mashine nyingi za wahamiaji hawa, dawa ni draiva rasmi. Zingatia hapa: tawi la 580 la draiva hiyo (matoleo yanayoanza na 580) ndilo la mwisho linalozihudumia kadi hizo. Ukiweka tawi jipya zaidi, kadi haitatambuliwa, na utarudi pale pale.

Laptopu zenye kadi mbili zina shida yake. Draiva iko hai, lakini Firestorm imeanzishwa kwa kadi ndogo ya Intel. Anzisha hivi: `__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia ./firestorm`. Kama kadi ya pili ni Radeon ya AMD, tumia `DRI_PRIME=1`. Inatosha.

Tukishagusa Radeon, hapa imani ile ya "Linux haiwezi" inaanguka kabisa. Second Life inachora kwa OpenGL, njia ya programu kuiagiza kadi ichore, na draiva ya OpenGL ya AMD kwenye Windows ilikuwa dhaifu kwa miaka mingi mpaka ilipoboreshwa katikati ya 2022. Wakati huo wote mwenye Radeon kwenye Linux alikuwa na Mesa, mkusanyiko wa draiva huria unaokuja na mfumo wenyewe bila kupakua chochote, na Second Life yake ilikwenda vizuri kuliko ya jirani yake wa Windows mwenye kadi ile ile.

Kuhusu Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, nitasema haraka. Usipakue faili la .exe. Linden Lab, kampuni ya Second Life, iliachia msimbo wa programu yake ya kuingilia Januari 2007, ndiyo maana leo kuna Firestorm iliyoundwa kwa ajili ya Linux hasa. Pakua faili la .tar.xz, lifungue, ingia kwenye folda, andika `./firestorm`. Ianzishie kwenye terminali mara ya kwanza ili kama kuna maktaba inayokosekana uione kwa jina lake.

Sasa draiva iko hai, na bado klabu ya Jumamosi usiku inakupa fremu kumi na tano. Bado si Linux. Kwenye magemu mengi, wachoraji wa kampuni wamepunguza uzito wa kila kitu kabla hujakiona. Second Life tangu 2003 imejengwa na wakazi wake wenyewe, na mkazi anayeuza hereni hana wa kumwambia punguza. Piga hesabu. Teksicha (picha inayovishwa kwenye kitu) ya pikseli 1024 kwa 1024 ikishafunguliwa ndani ya kadi inachukua takriban MB 4. Avata mwenye teksicha 60 za ukubwa huo anabeba MB 240. Weka watu ishirini wa namna hiyo kwenye ukumbi mmoja, umekaribia GB 5, na kadi yako ina 4. Programu inaanza kushusha ubora ili vitu vienee, na ndipo unapoona picha ya ukuta inakuwa kali, inafifia, inakuwa kali tena. Watu wananitumia video za ukuta huo wakisema draiva ya Linux ni mbovu. Ukuta huo utauona kwenye Windows pia.

Punguza umbali wa kuchora kwanza. Ukitoka mita 128 kwenda 64, eneo linalochorwa linabaki robo tu. Kisha weka kikomo cha uzito wa avata, ili wale wazito wachorwe kama vivuli vya rangi moja, na uzime vivuli vya jua. Mwenye prosesa ya viini vingi asitegemee miujiza, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi inapita kwenye uzi mmoja, yaani foleni moja ya kazi, na kasi ya kiini kimoja ndiyo inayohesabika.

Kuna pia kundi la pili, wanaokuja wakiamini Linux ni nyepesi kwa hiyo mchezo utapaa. Mfumo mwepesi unakuachia memori zaidi, na kwenye mashine ya GB 8 hilo linaonekana. Teksicha za avata haziguswi. Nikibanwa niseme kwa ujumla mfumo upi una kasi zaidi, nasita, na nina shaka na vipimo vingi vinavyosambazwa. Sehemu ile ile baada ya dakika kumi ina watu wengine, nguo nyingine, kache imejaa zaidi. Hata `mesa_glthread=true`, au `__GL_THREADED_OPTIMIZATIONS=1` kwa wa NVIDIA, mipangilio inayoandikwa mbele ya `./firestorm`, ambazo wengi wanazitaja kama tiba, nimeziona zikipandisha fremu kwenye mashine moja na kuzishusha kwenye nyingine. Jaribu ukiwa nyumbani kwako ndani ya Second Life, mahali patupu, ubaki na inayokufaa.

Kwa tulioko Afrika Mashariki, tusichanganye fremu na mtandao. Seva ziko Oregon, Marekani, zaidi ya kilomita 14,000 kutoka Nairobi. Mwanga ndani ya nyaya hizi hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata waya ungenyooka, kwenda na kurudi kungekula milisekunde 140. Nyaya za baharini hazinyooki. Mlango unaochelewa kufunguka baada ya kuubofya, hilo ni bahari, na hakuna draiva ya kulitibu.

Mahali pamoja Wine imekuwa na kazi ya kweli ni sauti. Vivox, iliyobeba mazungumzo ya sauti kwa miaka mingi, iliachia toleo lake la Linux lizeeke, na Firestorm ikalazimika kuendesha lile la Windows kupitia Wine. Linden Lab imeanza kuhamia WebRTC, teknolojia nyingine ya sauti, ambayo haihitaji Wine. Anayeandika tu bila kuzungumza hahitaji kuishughulikia kabisa.

Kabla hujafuta Windows, chukua kumbukumbu za mazungumzo. Mali zako za Second Life ziko kwenye seva, hazipotei, lakini mazungumzo yaliyohifadhiwa yako kwenye diski yako: `%APPDATA%\Firestorm_x64`, ndani ya folda yenye jina la avata wako. Kwenye Linux folda hiyo inakwenda `~/.firestorm_x64`, yenye nukta mbele, kwa hiyo bonyeza Ctrl+H uione. Faili la settings.xml liache huko huko. Lina njia za diski C zisizokuwepo tena, na mipangilio ni bora uianze upya.